Watafiti, tuulizeni pia tulikotoka

Ukisoma ripoti ya afya inayosema ilifanywa Rachuonyo, swali la kwanza ni Rachuonyo ipi. Miaka ya 1980 sisi wa Oyugis, magharibi mwa Kenya, tulihesabiwa ndani ya Wilaya ya South Nyanza, kikapu kimoja na Migori, Mbita na Kuria. Miaka ya 1990 ikazaliwa Wilaya ya Rachuonyo, ikatuunganisha sisi wa miteremko ya Kasipul na wenzetu wa fuo za Karachuonyo kule Kendu Bay. Baadaye wilaya hiyo nayo ikakatwa. Tangu 2013 tuko Kaunti ya Homa Bay, kaunti ndogo ya Rachuonyo Kusini. Mtu aliyezaliwa hapa 1985 na asiyewahi kuhama amebadilishiwa anwani mara kadhaa bila kuinua kitanda chake.

Mambo haya tungewaachia wanahistoria kama takwimu hazingekuwa ndizo zinazoamua vyandarua viende wapi, wauguzi wangapi waajiriwe na zahanati ipi ipate maabara. Oyugis iko ukingoni mwa nyanda za juu. Ukishika barabara ya Kisii unapanda. Ukigeukia Kendu Bay unashuka hadi ziwani, mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mbu wanaijua tofauti hiyo vizuri sana. Wanaojumlisha takwimu katika ofisi za mbali mara nyingi huipitia juu juu.

Hoja yangu ni hii. Utafiti wowote unaohusisha afya ya mtu na mahali anapoishi uandike mahali hapo kikamilifu: mipaka ipi, ya mwaka gani, iliyopimwa kwa njia gani. Uandike pia watu waliopimwa walitoka wapi na walikaa kila mahali kwa muda gani, kwa sababu maradhi ya uzeeni mara nyingi hupandwa utotoni, na utoto wa mtu huenda haukupita pale alipokutwa na fomu. Na kaunti za Homa Bay na Migori, zinazotafitiwa kuliko nyingi nchini, ziache kulisubiri jambo hili kama hisani. Ziliweke liwe sharti.

Nasema haya kama mtu wa fomu. Nimehoji watu hapa Kasipul kwa miaka mingi, kwanza nikibeba karatasi na ubao wa kuandikia, kisha simu yenye maswali ndani. Siku hizi mimi ni mhamasishaji wa afya ya jamii, mmoja wa wale takriban laki moja ambao serikali iliwakabidhi mikoba na simu mwaka 2023. Nikitokea langoni watoto hupiga mbio kumwambia mama yao kwamba watu wa utafiti wamerudi. Nimekijaza kile kisanduku cha makazi mara nyingi mno, na ninajua vile kilivyo kidogo.

Fomu nyingi hutaka kijiji, lokesheni ndogo, lokesheni, umri na jinsia. Chache huuliza mtu amekaa hapo tangu lini. Chache zaidi huuliza alikokuwa kabla ya hapo. Mwalimu aliyehamishwa hapa mwezi uliopita kutoka Machakos na bibi ambaye hajawahi kulala nje ya Kasipul wataingia safu moja, na ripoti itawaita wote wawili wakazi.

Waangalie wanawake walioolewa. Kwetu bibi huja nyumbani kwa mume, hivyo karibu kila mke katika boma alikulia pengine. Jirani wanalijua hilo na wamelihifadhi katika jina wanalomwitia. Huyu ni Nyar Kano, yaani binti wa Kano, kwao ni uwanda wa Kano, kwenye mafuriko na mashamba ya mpunga ya Ahero. Yule ni Nyar Alego, katoka Siaya. Wa tatu ni binti wa Kisii, kakulia kwenye baridi na migomba. Wanapika kwa kuni zile zile, wanateka maji kijito kimoja, na fomu yangu inawaona sawasawa. Lakini mmoja aliumwa na mbu wa malaria tangu uchangani, na mwingine huenda alikutana na malaria kwa mara ya kwanza alipokuwa na mimba ya kwanza. Kinga zao si moja. Hatari zao si moja. Kijiji kizima kinajua kila mama alikotoka, na mtafiti aliyekuja na gari na tableti anaondoka bila kujua.

Siku moja bibi mmoja alinikatiza nilipomuuliza makazi yake. "Nyathina," akaniambia, yaani mwanangu, "unataka nilikozaliwa, nilikoolewa, ama nitakakozikwa? Maana ni sehemu mbili tofauti, na moja sikuichagua." Nikacheka, nikaandika alikoolewa, kwa sababu simu ilikuwa na nafasi moja tu.

Wanaume nao wana safari zao. Chukua mzee wa miaka sitini na kitu, wa aina tunayokutana naye kila wiki kwenye kliniki ya presha. Alizaliwa kandokando ya Kosele. Akiwa kijana alikwenda Kericho kuchuma chai, akakaa kwenye nyumba za kampuni kule kwenye baridi. Akahamia Nairobi, akafanya kazi ya ulinzi usiku na kulala mchana kwenye chumba cha mabati. Kazi ilipokwisha akarudi kwa baba yake, akajenga, akapanda viazi vitamu. Mtafiti anamkuta akiwa na presha na figo zinazolalamika, anaandika mwanamume, miaka 63, mkazi wa Rachuonyo Kusini. Ripoti ikitoka itasema presha imeenea Rachuonyo Kusini kwa kiwango fulani, na mtu wa makao makuu ataanza kutafuta kosa katika chakula chetu. Huenda kosa liko katika chakula chetu kweli. Huenda liko katika miaka ya kukesha Nairobi. Ripoti isiyotaja safari hizo haiwezi kutenganisha mambo hayo mawili, na mbaya zaidi, haimwonyi msomaji kwamba haiwezi.

Kwamba utoto humfuata mtu hadi kaburini si imani ya wazee peke yao. Kule Hertfordshire, Uingereza, kuanzia 1911, wauguzi na wakunga wakiongozwa na Margaret Burnside walipima watoto wachanga na kuandika uzito wao wa kuzaliwa na wa kutimiza mwaka mmoja katika madaftari. Miongo mingi baadaye daktari David Barker na wenzake waliyapata madaftari yale, wakawatafuta waliokuwa watoto. Mwaka 1989, katika jarida la Lancet, wakaripoti habari za wanaume 5,654: waliokuwa na uzito mdogo walipozaliwa na walipofikisha mwaka walikufa zaidi kwa maradhi ya moyo. Hayo yote yaliwezekana kwa sababu kuna watu waliandika, kwa jina na mahali, jambo ambalo wakati ule halikuwa na faida yoyote ya haraka.

Sasa lilete suala hilo Oyugis. Malaria ya mimba hupunguza uzito wa mtoto anayezaliwa; hilo linajulikana. Mtoto huyo ana kitabu cha kliniki, na uzito wake umeandikwa. Akina mama wengi hapa wanakitunza kitabu hicho pamoja na vitambulisho na hati ya shamba. Kinachokosekana mara nyingi ni mahali. Jina la zahanati lipo, jina la boma ambako mama alilala miezi yote ya mimba halipo. Mama aliyebeba mimba Awendo kwenye mashamba ya miwa, akaja kujifungulia kwa mama yake huku Kasipul, mtoto wake amehesabiwa wetu. Miaka 50 ijayo atakayekuja kutafuta chanzo cha moyo mgonjwa atachimba shimo mahali pasipo maji.

Hebu tuangalie kisa ambamo kukosa kuandika mahali vizuri kuliwagonganisha wanasayansi wa dunia nzima, na kilitokea hapo jirani. Miaka ya 1990 malaria iliwashambulia wafanyakazi wa mashamba ya chai ya Kericho, mahali palipodhaniwa ni baridi mno kwa ugonjwa huo. Swali likawa kama ni hali ya hewa iliyobadilika. Mwaka 2002 Simon Hay na wenzake walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wa sehemu nne za nyanda za juu za Afrika Mashariki, Kericho ikiwa moja, nyingine Kabale ya Uganda, Gikongoro ya Rwanda na Muhanga ya Burundi. Wakasema hali ya hewa haikuonyesha mabadiliko ya maana. Mwaka huo huo wataalamu wengine, akiwemo Jonathan Patz, wakajibu katika jarida hilo hilo: joto mlilotumia halikupimwa pale Kericho, limekadiriwa kwa visanduku vikubwa vya ramani, na nchi yenye milima haikubali kukadiriwa hivyo.

Fikiria ukubwa wa visanduku hivyo. Nusu digrii kila upande, yaani kama kilomita 55 huku kwetu kwenye ikweta. Ndani ya mraba wa namna hiyo unaweza kuweka ufuo wa ziwa, mashamba ya mpunga na mlima wa chai, kisha ukaupa joto moja. Ilichukua hadi 2011 ndipo Judith Omumbo na wenzake, wakitumia vipimo vilivyokaguliwa vya kituo cha hali ya hewa cha Kericho kwenyewe, kuonyesha kwamba joto pale lilikuwa limepanda, takriban sehemu ya tano ya digrii kila miaka kumi.

Kulikuwa na jambo la pili katika kisa hicho ambalo mtu yeyote wa Oyugis angelisema bila kuombwa. Wachuma chai wengi wa Kericho walikuwa watu wa Nyanza. Desemba wanarudi nyumbani, msiba ukitokea wanarudi nyumbani, na nyumbani kuna mbu. G. Dennis Shanks na wenzake walichunguza wagonjwa waliolazwa kwenye shamba moja la chai, wakaona kwamba safari zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoongeza hatari ya malaria. Kwa hiyo mgonjwa wa Kericho huenda aliambukizwa Kendu Bay. Hali ya hewa, dawa zilizokuwa zimeanza kushindwa na vimelea, na tiketi ya matatu: yote matatu yalistahili nafasi katika hesabu. Mjadala ungekuwa mfupi zaidi kama kila ripoti tangu mwanzo ingeeleza joto limepimwa wapi na mgonjwa alilala wapi wiki zilizotangulia homa.

Sisemi kwamba watafiti wote wanatufanyia hivyo. Mfano bora kabisa wa kuandika mahali ulifanywa hapa hapa. Mwaka 2016 jarida la PLoS Medicine lilichapisha jaribio la malaria la Rachuonyo Kusini, la Teun Bousema na wenzake, wakiwemo watu wa KEMRI, taasisi yetu ya utafiti wa tiba. Walipima watu 17,503 kutoka maboma 3,213 katika eneo la kilomita mraba 100 hivi. Wakachora vitovu, vile vijisehemu ambako maambukizi yamejazana. Baadhi ya vitovu wakavipa kila kitu kwa pamoja mwaka 2012: dawa ya viluwiluwi, vyandarua, kupulizia kuta, na dawa kwa watu. Vingine vikaendelea na huduma za kawaida. Matumaini yalikuwa kwamba ukizima moto kwenye kitovu, majirani nao watapoa.

Haikuwa hivyo. Ndani ya vitovu maambukizi yalipungua kwa kiasi na kwa muda mfupi. Nje yake, hadi mita 500, hakukuonekana nafuu iliyothibitika. Nawasifu kwa sababu waliandika yote hayo: kitovu kilichorwaje, umbali gani ulipimwa, wiki ya ngapi. Naibu wa chifu akisimama barazani leo kusema tupulizie nyumba kumi tu zilizo karibu na mto na tuziache nyingine, naweza kumjibu kwa ushahidi uliotoka katika tarafa yetu. Jaribio lililoshindwa lakini likaandikwa na anwani yake lina faida kwetu kuliko ushindi ulioandikwa kwamba ulitokea magharibi mwa Kenya.

Tatizo huwa kubwa zaidi idadi zinapotoka kwenye ripoti na kuingia redioni. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2003 ulisema kwamba Nyanza watoto 206 kati ya kila 1,000 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano, wakati wastani wa nchi ulikuwa 115. Idadi ya kutisha, na ilistahili kututisha. Lakini Nyanza ile ilikuwa pamoja na Kisii, ambako milima na baridi ni vingine kabisa, na idadi za mikoa zilijumlisha miaka kumi iliyotangulia utafiti. Watu waliisoma kama habari ya mwaka ule na ya kila kijiji cha Nyanza. Oyugis na Kisii ni mwendo wa nusu saa hivi kwa matatu. Mkoa uliziweka katika wastani mmoja, kisha wastani huo ukarudi kwetu sote kama hukumu.

Au chukua virusi vya UKIMWI, jambo ambalo limetupa jina tusilolipenda. Mwaka 2012 Madaktari Wasio na Mipaka walipima watu wazima wa Ndhiwa, wa miaka 15 hadi 59, wakakuta asilimia 24 wanaishi na virusi. Mwaka 2018 utafiti wa kitaifa wa KENPHIA ukatoa asilimia 19.6 kwa watu wazima wa Kaunti ya Homa Bay, miaka 15 hadi 64. Nimesikia kwa masikio yangu mtu mwenye kipaza sauti akizipanga idadi hizo mbili na kupiga makofi: tumeshuka kutoka 24 hadi 19.6. Hakuna kilichoshuka hapo. Moja ni eneo bunge, nyingine ni kaunti nzima yenye watu 1,131,950 kwa sensa ya 2019. Umri wenyewe haulingani. Madaktari wale walirudi Ndhiwa ile ile mwaka 2018 na kupima tena. Ulinganisho halali uko hapo, mahali pamoja na wakati tofauti.

Kuna jambo jingine lisilojulikana na wengi. Tafiti za kitaifa za afya huchukua alama ya GPS ya kila kundi la nyumba, kisha huisogeza makusudi kabla ya kuwapa wengine data, ili nyumba ya mtu isitambulike. Mjini husogezwa hadi kilomita mbili, vijijini hadi tano, na vichache hadi kumi. Ni jambo la busara na ninaliunga mkono. Lakini kwenye miteremko yetu, kilomita tano zinaweza kumtoa mtu bondeni kando ya mto Awach na kumweka juu Kilima cha Wire. Atakayetumia alama hizo kuhesabu umbali wa nyumba na kinamasi, bila kuandika kwamba zimesogezwa na kwa kiasi gani, amepima hewa.

Kanuni za kuandika mambo haya zipo. Tangu 2007 kuna mwongozo uitwao STROBE, wenye vipengele 22, kwa tafiti zinazochunguza watu bila kuwapa tiba. Kipengele kimoja kinadai mazingira, mahali na tarehe vielezwe. Ni kipengele kimoja, na mwandishi mvivu anakimaliza kwa sentensi mbili. Ndiyo maana mwaka 2020 jopo la wataalamu kutoka nchi mbalimbali lilichapisha, katika jarida la Health & Place, mwongozo wa ISLE-ReSt. Lilianzia STROBE, likaongeza mambo yanayohusu data za ramani, kwa ajili ya tafiti zinazofuatilia mahali na afya ya mtu katika maisha yake yote. Jopo lenyewe lilisema orodha hiyo irudiwe kila miaka miwili au mitatu kwa sababu teknolojia inakimbia.

Mwongozo huo ni mzuri, ila wenye nguvu ya kuusimamia ni wahariri wa majarida, na mhariri wa London au Amsterdam hatakuja kuuliza Nyar Kano alikulia wapi. Anapofikiwa na makala, fomu zimekwisha kujazwa na wahojaji tumekwisha kulipwa. Kisichoulizwa kijijini hakiwezi kuandikwa jaridani. Kwa hiyo sharti liwekwe mlangoni, kabla ya kazi kuanza.

Nayajua majibu ya watafiti, kwa kuwa nimekaa nao kwenye gari. La kwanza ni kwamba watu hawakumbuki. Wanakumbuka, ukiwauliza kama watu. Ukimuuliza bibi alihamia mwaka gani atakutazama tu. Muulize kama ilikuwa kabla ya mvua za El Niño za 1997, kabla ya uchaguzi uliomleta Kibaki 2002, ama baada ya ghasia za 2007. Muulize alikuwa akinyonyesha mtoto yupi. Atakupa jibu na nyongeza. Kalenda ya matukio ni chombo cha zamani cha wahesabu watu, wala hakihitaji fedha za wafadhili.

La pili ni gharama na muda. Maswali matatu, ulikozaliwa, ulikokaa zaidi ya mwaka mmoja, na uliporudi hapa, hayachukui muda mrefu kuliko swali la idadi ya kuku na aina ya paa, ambayo sijawahi kuona mradi ukiyaacha. Pale Asembo na Gem, Siaya, KEMRI na washirika wake waliweka kanuni iliyo wazi: mkazi ni aliyekaa miezi minne mfululizo, au mtoto aliyezaliwa na mkazi. Unaweza kubishana na miezi minne, lakini unajua unabishana na nini.

La tatu ndilo zito, nalo ni siri. Historia ya makazi ya mtu, ikiunganishwa na alama ya nyumba yake na hali yake ya virusi, inaweza kumvua nguo mbele ya kijiji. Hapa kwetu simba, yaani nyumba ya kijana, iko karibu na lango la boma, na anayeingia jioni anaonekana. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaziweka habari za afya katika kundi la data nyeti, na ni haki. Ila kueleza jinsi ulivyopima mahali si kuchapisha ramani ya nyumba za watu. Unaweza kuandika kwamba asilimia fulani ya waliopimwa walizaliwa nje ya kaunti, kwamba alama zilisogezwa kilomita kadhaa, kwamba mipaka ni ya wadi za 2013, bila jina wala nyumba ya mtu hata mmoja. Anayetumia siri ya wagonjwa kuficha uvivu wa mbinu anatudhulumu mara mbili.

Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Watafiti wamekuja kwetu miaka na mikaka, wakachukua damu, mate na majibu, na sitawabeza, kwani vyandarua na dawa nyingi tulizo nazo zimetokana na kazi hiyo. Lakini mwenyeji hawezi kupona kwa ripoti isiyomtambua.

Kwa hiyo nazielekeza hoja zangu kwa wenye mihuri. NACOSTI, iliyopewa na sheria ya 2013 mamlaka ya kutoa leseni za utafiti, iongeze kipengele cha mahali katika masharti yake. Idara za afya za Homa Bay na Migori, ambako watafiti hupeleka barua kabla ya kuingia vijijini, zisipige muhuri hadi zione mambo matano kwenye karatasi. Mipaka itakayotumika na mwaka wake. Kanuni ya nani ataitwa mkazi. Maswali ya historia ya makazi, angalau utotoni, ukubwani na sasa. Namna alama za ramani zitakavyochukuliwa na kufichwa. Na tarehe ambayo matokeo yataletwa barazani kwa Kiswahili au Dholuo, yakiwa yametaja ni wapi hasa yanahusu na wapi hayahusu.

Migori ina sababu yake ya ziada. Ndani ya kaunti hiyo moja mna migodi ya dhahabu ya Macalder, miwa ya Awendo, fuo za Nyatike na vilima vya Kuria. Wastani wa Migori haumhusu mchimba dhahabu anayeshika zebaki, wala mvuvi, wala mkulima wa tumbaku wa Kuria. Anayeripoti Migori nzima kwa idadi moja ajieleze kwa nini.

Nasi wahojaji tuna sehemu yetu. Tunapofunzwa fomu mpya tuna haki ya kuuliza kisanduku cha makazi kina nafasi ngapi, na kama ni moja tuseme haitoshi kabla ya kuingia uwanjani. Serikali imetupa simu zinazorekodi kaya tunazotembelea. Wizara ikiongeza humo maswali yale matatu, baada ya miaka kumi nchi itakuwa na daftari ambalo Hertfordshire ingelionea wivu, na itakuwa imelipata kwa gharama ndogo kuliko mradi mmoja wa wafadhili.

Msimu ujao gari jingine jeupe litaegeshwa Oyugis na kijana mpole ataingia ofisini kuomba barua. Karani amkaribishe, ampe kiti, amuulize mambo hayo matano. Akiwa nayo, tutampeleka mlango kwa mlango sisi wenyewe. Akiwa hana, arudi akaumalize utafiti wake mezani kwanza.